Diwani Ametuletea Nini?

Ukisubiri basi pale Lusahunga, au ukipita sokoni Rulenge, utasikia swali moja. Watu wameketi kivulini. Wanazungumza habari za mvua, bei ya maharage na ugonjwa wa migomba. Halafu mmoja anauliza, "Hivi huyu diwani wetu ametuletea nini?" Wengine wanacheka. Mwingine anajibu, "Ametuletea maneno."

Swali hili ni la haki. Wananchi ndio waliompigia kura. Lakini swali lenyewe lina kasoro. Linamfanya diwani aonekane kama mtu mwenye gunia la fedha mgongoni, ambaye kazi yake ni kulifungua kijijini. Diwani hana gunia. Hana saruji wala mabati. Ana mambo manne tu: masikio ya kuwasikiliza watu, mdomo wa kuwasemea, kura moja katika baraza la madiwani, na haki ya kuona hesabu za halmashauri.

Kwa hiyo swali lenye faida ni hili: diwani wetu ameuliza nini huko barazani, na ameturudishia jibu gani?

Makala haya yanaeleza kazi ya diwani na ya mbunge. Tutazitazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, yaani Ngara na Biharamulo. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko upande wa mashariki wa Ngara. Wilaya hizi zina kahawa, ndizi, mifugo, dhahabu na nikeli. Zina pia barabara kubwa ya magari ya mizigo yaendayo Rwanda na Burundi. Zimepata mambo mazito ambayo wilaya nyingine hazikuyapata. Ndiyo sababu zinafaa kuwa mfano.

DIWANI NI NANI?

Diwani huchaguliwa na wananchi wa kata moja. Kata ina vijiji kadhaa. Uchaguzi wake hufanyika kila baada ya miaka 5, pamoja na ule wa Rais na wabunge. Wapo pia madiwani wanawake wa viti maalumu. Hao si madiwani wa pembeni. Wana kura barazani kama wenzao.

Mtu anayetaka kuwa diwani lazima awe ametimiza miaka 21. Tena lazima ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Soma sentensi hiyo mara ya pili, ndugu msomaji. Sheria haidai kwamba diwani awe amefika chuo kikuu. Mama aliyejifunza kusoma akiwa na wajukuu anaweza kuomba kura kwa haki ile ile aliyo nayo mwalimu mkuu.

Diwani hapati mshahara kama mwalimu au mganga. Hupata posho. Wengi wao wana mashamba, maduka au mifugo, na huko ndiko wanakopata riziki yao. Jambo hili lina uzuri wake, maana diwani anaishi na watu. Lina ubaya wake pia. Asipokuwa mwangalifu, biashara zake zitakula siku za vikao.

MABARAZA YALIFUTWA, KISHA YAKARUDI

Wazee wanakumbuka kwamba kulikuwa na miaka isiyokuwa na madiwani wa wilaya. Mwaka 1972 Serikali ilifuta halmashauri za wilaya. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani. Nia ilikuwa kuwapeleka wataalamu karibu na wananchi, ili maendeleo yaende mbio. Wataalamu walikuja kweli. Lakini mwananchi hakuwa tena na mtu wake mwenyewe wa kumwuliza Mkurugenzi wa Maendeleo, "Fedha za kisima chetu ziko wapi?"

Mwaka 1982 Bunge lilitunga sheria mpya za serikali za mitaa. Mwaka 1984 halmashauri zilianza kazi tena. Mwaka huo huo Mwalimu Nyerere alikiri kwamba kufuta serikali za mitaa lilikuwa kosa. Alisema kama angeanza upya, hangezifuta, wala hangefuta vyama vya ushirika. Si viongozi wengi wanaosema hivyo wakiwa bado madarakani.

Kwa hiyo baraza la madiwani si kitu cha kudharau. Liliwahi kuondoka, na watu waliona pengo lake.

KISIMA KIMEHARIBIKA

Tuchukue mfano. Tuseme kijiji kimoja cha Ngara kina kisima cha pampu. Pampu imevunjika. Kina mama wanashuka bondeni alfajiri na kupanda mlima na ndoo kichwani. Watoto wanachelewa shule. Maji ya bondeni ni machafu, na watoto wanaharisha.

Wengi husema, "Tumsubiri diwani apite." Watasubiri sana. Jambo hili lianze katika mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Sheria inataka uitishwe angalau mara moja kila miezi 3. Huko ndiko mama mmoja anaweza kusimama, na mazungumzo yakawa hivi:

"Ndugu Mwenyekiti, pampu imekufa tangu mwezi wa Mei. Kila mwezi tumekuwa tukitoa fedha za maji. Tunataka kujua zimefika ngapi."

"Mama, suala hilo tumelipeleka kwa diwani."

"Mlilipeleka kwa mdomo au kwa barua?"

"Kwa mdomo."

"Basi, Ndugu Mwenyekiti, naomba liandikwe kwenye muhtasari wa leo, na muhtasari upelekwe kwenye kata."

Mama huyu wa mfano wetu amefanya kazi kubwa kuliko anavyodhani. Neno la mdomo likifika kwa diwani linaweza kupotea njiani. Neno lililoandikwa kwenye muhtasari lina tarehe na mhuri wa kijiji. Likifika kwenye kata halirudi kuwa uvumi.

Kutoka kijijini jambo linakwenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wa kamati hiyo ni diwani mwenyewe. Katibu wake ni Mtendaji wa Kata. Wenyeviti wa vijiji vyote vya kata ni wajumbe. Hapo vijiji vinashindana kwa hoja. Mmoja unataka kisima, wa pili unataka zahanati, wa tatu unataka daraja. Diwani mzuri huonekana hapa kwanza, kabla hajaonekana jukwaani. Je, anapendelea kijiji alikozaliwa? Je, anasoma mihutasari, au anauliza tu nani alimpigia kura?

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wengi hawajalijua vizuri. Zamani maji ya vijijini na barabara za vijijini vilikuwa chini ya halmashauri. Siku hizi sivyo. Tangu mwaka 2017 barabara za wilaya na za vijijini ziko chini ya wakala uitwao TARURA. Tangu mwaka 2019 maji ya vijijini yako chini ya wakala uitwao RUWASA. Barabara kuu, kama ile ya Lusahunga hadi Rusumo, iko chini ya TANROADS. Umeme ni wa TANESCO na wakala wa umeme vijijini, REA.

Kwa hiyo pampu ikifa, diwani hawezi kumwamuru fundi wa halmashauri aende. Lazima amfuate Meneja wa RUWASA wa wilaya. Anaweza kumtaka aje barazani kueleza. Anaweza kuuliza jina la kijiji, tarehe ya matengenezo na kiasi cha fedha. Anaweza kuuliza tena kikao kijacho, na kingine tena. Wapo wanaosema kazi hiyo ni ya maneno tu. Lakini meneja anayeulizwa swali lile lile mara tatu mbele ya watu, na likaandikwa mara tatu, hulala vibaya.

FEDHA ZINATOKA WAPI?

Fedha nyingi za halmashauri za Ngara na Biharamulo hutoka Serikali Kuu. Mishahara ya walimu na waganga hutoka huko. Lakini halmashauri ina mapato yake yenyewe. Kuna ushuru wa masoko, minada ya ng'ombe, leseni, vibali na ushuru wa mazao.

Ushuru wa mazao ndio unaomgusa mkulima zaidi. Zamani ulifika asilimia 5 ya bei ya zao. Mwaka 2017 Bunge liliupunguza. Sasa hauzidi asilimia 3. Maana yake, kahawa ya shilingi 100,000 haiwezi kutozwa ushuru unaozidi shilingi 3,000. Tena mwaka ule ule ilitangazwa kwamba mtu anayesafirisha mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe ushuru huo. Magunia 5 ya maharage hayafiki tani moja. Ukisimamishwa kwenye kizuizi nayo na ukadaiwa ushuru, uliza kwa adabu ni kwa sheria gani. Na ukilipa chochote, dai stakabadhi ya mashine. Fedha isiyo na stakabadhi haifiki halmashauri, na diwani hataiona kwenye hesabu hata akivaa miwani miwili.

Kila miezi 3 madiwani hukutana katika baraza kamili. Huletewa taarifa ya mapato na matumizi. Kamati ya Fedha hukutana kila mwezi. Mwisho wa mwaka anakuja Mkaguzi wa Hesabu za Serikali. Diwani asiyejua kusoma safu za tarakimu atapiga makofi tu. Ndiyo maana kujua hesabu kidogo ni muhimu kwa diwani kuliko kujua kuhutubia.

Katika mapato yale ya ndani kuna fungu moja la wananchi moja kwa moja. Tangu mwaka 2018 sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 kwa mikopo isiyo na riba. Asilimia 4 ni ya wanawake, asilimia 4 ni ya vijana, na asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Tuseme halmashauri imekusanya shilingi milioni 1,000. Milioni 40 ni za kina mama, milioni 40 za vijana, na milioni 20 za wenye ulemavu.

Mikopo hii ilipata aibu. Vikundi vingine nchini havikurudisha. Vingine vilikuwa vya majina tu, havikuwa na watu. Mwezi wa Aprili 2023 Serikali iliisimamisha. Mwaka 2024 iliruhusiwa kuanza tena kwa utaratibu mpya. Diwani ana kazi hapa ambayo hakuna mwingine anayeweza kuifanya vizuri. Yeye anawajua watu wa kata yake. Akiona jina la kikundi cha kushona nguo, anajua kama cherehani zipo au hazipo. Akinyamaza kwa sababu kikundi hewa ni cha shemeji yake, kikundi cha kweli cha jirani kinakosa.

DHAHABU YA BIHARAMULO

Mwaka 2005 mgodi wa dhahabu wa Tulawaka ulianza kuzalisha katika Wilaya ya Biharamulo. Wenye mgodi walikuwa kampuni za kigeni. Mwaka 2013 mgodi ulikabidhiwa kwa shirika la Serikali la madini, STAMICO, na ukaitwa STAMIGOLD.

Kampuni inayofanya biashara ndani ya wilaya hulipa ushuru wa huduma kwa halmashauri. Kwa miaka mingi ushuru huo ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Kwa kiwango hicho, katika kila shilingi 1,000 za mauzo, halmashauri ilipata shilingi 3. Inaonekana ndogo. Lakini mgodi hauuzi kwa maelfu. Unauza kwa mabilioni. Kwa kiwango hicho, katika kila bilioni moja, ushuru ulikuwa shilingi milioni 3.

Diwani wa Biharamulo ana haki ya kuuliza mgodi umeuza kiasi gani, umelipa kiasi gani na fedha zimekwenda kata gani. Swali la tatu ndilo gumu. Kata iliyo jirani na mgodi husema, "Vumbi ni letu, fedha ziwe zetu." Kata iliyo mbali husema, "Dhahabu ni ya wilaya nzima." Wote wana hoja. Hapo ndipo baraza linapofanya kazi yake. Madiwani wanabishana, wanapiga kura, na uamuzi unaandikwa.

Ngara nayo ina mradi wa nikeli wa Kabanga. Madini hayo yalijulikana tangu miaka ya 1970. Mwezi wa Januari 2021 Serikali ilitia saini mkataba na wawekezaji, na Tanzania ikapata hisa asilimia 16 katika kampuni ya mradi. Mradi kama huu unahitaji ardhi, na ardhi ina watu. Sheria inasema anayeondolewa alipwe fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Diwani si mthamini wala si mlipaji. Lakini mzee asiyejua kusoma akiletewa karatasi ya kutia dole gumba, diwani aliye mwaminifu atasimama hapo na kusema, "Isomwe kwanza kwa sauti, neno kwa neno, ndipo atie dole."

MIAKA MIZITO YA NGARA

Hakuna wilaya nyingine ya Tanzania iliyojaribiwa kama Ngara mwaka 1994. Rwanda kulikuwa na mauaji ya kimbari. Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo. Kwa muda wa saa 24 hivi walivuka kama watu 250,000. Walikaa Benaco na makambi mengine. Baada ya muda mfupi wakimbizi walikuwa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima.

Fikiria mwenyekiti wa kijiji cha jirani siku ile. Kisima cha kijiji kina foleni isiyo na mwisho. Miti inakatwa kwa kuni. Mihogo inang'olewa usiku. Bei ya ndizi inapanda, na mwenye ndizi anafurahi, lakini mwenye kununua analia. Walimu na wauguzi wengine wanaacha kazi zao na kwenda kuajiriwa na mashirika yenye mishahara mizuri. Barabara inaharibiwa na malori ya chakula.

Watu wa Ngara waliwapokea wageni wale. Wahangaza wanaelewana kwa lugha na Warundi na Wanyarwanda, na wengine walikuwa na ndugu ng'ambo ya pili. Lakini ukarimu una gharama, na gharama hiyo lazima isemwe na mtu. Viongozi wa wilaya walisema kwamba vijiji vilivyowapokea wakimbizi navyo visaidiwe. Mashirika yalichimba visima vijijini, yakatengeneza barabara, yakakarabati shule na zahanati. Hata Radio Kwizera, inayosikika Ngara mpaka leo, ilianzishwa mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi. Kwizera maana yake ni kutumaini. Mhangaza hahitaji kutafsiriwa.

Mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda walirudishwa kwao. Warundi waliendelea kuwapo Lukole kwa miaka zaidi ya 10. Mwaka 2015 Warundi wengine walivuka tena. Wakimbizi wanapoondoka, mashirika huondoka nao. Pampu inabaki. Bomba linabaki. Anayetakiwa kulitunza ni kijiji, na anayetakiwa kulidai vipuri ni diwani. Visima vingi vya msaada hufa kwa sababu hakuna aliyeuliza mapema nani atanunua vipuri.

Funzo hilo lilihitajika tena pale pale Rusumo. Tanzania, Rwanda na Burundi zilikubaliana kujenga kituo cha umeme katika maporomoko ya Mto Kagera. Ujenzi ulianza mwaka 2017. Kituo kinaweza kutoa megawati 80, na nchi tatu zinagawana sawa. Pamoja na kituo, kila nchi ilitengewa dola milioni 5 kwa miradi ya jamii zilizo karibu. Kwa upande wa Tanzania, jamii hizo ni za Ngara. Mradi wa namna hiyo una mwisho. Zahanati itakayojengwa nao itahitaji mganga, dawa na dari lisilovuja, na hayo hayamo katika zile milioni 5.

NA MBUNGE JE?

Mbunge hutunga sheria na kuiuliza Serikali Dodoma. Lakini yeye pia ni mjumbe wa baraza la madiwani. Hawezi kuwa mwenyekiti wa baraza hilo. Anakaa pamoja na madiwani na ana kura moja kama wao.

Watu wa Biharamulo na Ngara hawana desturi ya kumwachia mbunge kiti kwa mazoea. Tazama Biharamulo Magharibi. Mwaka 2005 walimchagua Phares Kabuye wa chama cha TLP. Alifariki katika ajali ya barabarani mwaka 2009. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka huo alishinda Oscar Mukasa wa CCM. Mwaka 2010 walimchagua Dakta Anthony Mbassa wa CHADEMA. Mwaka 2015 Mukasa akarudi. Mwaka 2020 akaja Ezra Chiwelesa wa CCM. Ngara haikubadili chama katika miaka hiyo, lakini ilibadili watu. Mwaka 2005 alikuwa Profesa Feetham Banyikwa, mwaka 2010 Deogratias Ntukamazina, mwaka 2015 Alex Gashaza, na mwaka 2020 Ndaisaba Ruhoro. Watu wanne katika chaguzi nne.

Biharamulo ya zamani ilikuwa kubwa zaidi. Jimbo la Biharamulo Mashariki lilimchagua John Magufuli mwaka 1995. Sehemu ile ikawa Wilaya ya Chato mwaka 2005, na mwaka 2012 ikahamia Mkoa mpya wa Geita. Magufuli alikuwa Waziri wa Ujenzi kwa miaka mingi, kisha Rais kuanzia mwaka 2015 hadi alipofariki mwezi wa Machi 2021. Watu wa Ngara na Biharamulo humtaja wanapolalamikia wabunge wao. Si haki sana. Si kila mbunge anakuwa waziri, sembuse Rais. Mbunge apimwe kwa kazi ya mbunge.

Kubadili mbunge kila mara kuna faida. Anajua kuwa anaweza kuondolewa. Lakini kuna hasara pia. Mbunge mpya huchukua mwaka mzima kujifunza ofisi zilipo, na miradi aliyoianza mwenzake huweza kulala.

Kuna fedha moja ambayo wengi hudhani ni ya mbunge. Ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2009. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake. Lakini fedha hupita katika akaunti ya halmashauri, na miradi inatakiwa itoke kwa wananchi. Mbunge akigawa mabati ya mfuko huo, asiseme ni mabati yake. Na ninyi msimpigie vigelegele kana kwamba ameuza ng'ombe wake. Aelezwe ahsante ya kuleta mabati mahali yalipohitajika, basi.

SHERIA NDOGO YA MIGOMBA

Kazi nyingine ya madiwani ni kutunga na kuidhinisha sheria ndogo. Hili watu hawalitaji sokoni, lakini linaingia mpaka shambani.

Mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulionekana katika Mkoa wa Kagera. Majani yanageuka manjano na kunyauka. Ndizi zinaiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Ukikata shina, unatoka ute wa manjano. Hakuna dawa ya kuponya mgomba ulioshikwa. Ugonjwa huenea kwa visu na mapanga, na kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume, lile linaloning'inia chini ya mkungu. Dawa yake ni kazi. Vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie kisu. Choma panga motoni kabla ya kwenda mgomba mwingine. Ondoa mgomba mgonjwa.

Lakini shamba lako likiwa safi na la jirani likiwa chafu, utafanyaje? Hapo ndipo sheria ndogo inapohitajika. Halmashauri ya kijiji inaweza kuitunga, baada ya kusikia maoni ya mkutano mkuu. Kisha madiwani wanaidhinisha. Diwani atakayesimamia sheria hii atachukiwa. Atamwambia mpiga kura wake ang'oe migomba yake. Kuna madiwani wanaoogopa kufanya hivyo mwaka wa uchaguzi. Wakiogopa wote, kata nzima inakosa ndizi.

Jihadhari pia na diwani anayeahidi yasiyo yake. Diwani hagawi ardhi ya kijiji. Ardhi hugawiwa na halmashauri ya kijiji kwa kibali cha mkutano mkuu. Diwani haamuru polisi. Diwani hapokei mchango mkononi bila stakabadhi.

KAA BARAZANI USIKILIZE

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Huruhusiwi kusema humo, ila unaruhusiwa kukaa na kusikiliza. Tarehe ya kikao uliza kwa Mtendaji wa Kata. Kutoka Murusagamba hadi Ngara mjini ni mbali, na nauli ni fedha. Vijiji viwili au vitatu vinaweza kuchangiana nauli na kutuma watu wawili wanaojua kuandika. Waende na daftari na kalamu. Waandike diwani wao ameuliza nini, amejibiwa nini, na mara ngapi hakufungua kinywa. Kisha waje wasome daftari lile katika mkutano mkuu wa kijiji, diwani mwenyewe akiwepo.